Mtoto Asiyekula Mbele ya Afande

Siku yangu ya kwanza kazini nilihesabu vibaya, na gereza zima likachelewa kufunguliwa kwa ajili yangu.

Nilikuwa nimetoka chuoni na buti ambazo hazijapata hata mkunjo. Gereza lenyewe lilikuwa dogo, huku kwetu milimani Usambara, mahali ambapo mwezi wa saba ukungu huingia mpaka vyumbani na blanketi huamka na unyevu. Sitalitaja kwa jina, kwa sababu ninayoyaeleza hayakuwa aibu ya gereza moja. Nilipangiwa upande wa wanawake: chumba kimoja kirefu cha kulala, ua wenye bomba la maji, na ukuta ambao juu yake ulionekana mlima na sehemu ya barabara ya kushukia Mombo.

Kazi ya gereza huanza kwa hesabu na huisha kwa hesabu. Asubuhi kabla ya kufungua, na jioni kabla ya lokapu, yaani kufungia watu vyumbani, wafungwa huchutama kwa mistari na askari hupita akihesabu vichwa. Hesabu ya kila upande hupelekwa getini, hujumlishwa, na jumla lazima ilingane na ile iliyolala. Isipolingana, hakuna anayetoka: si gengi la shamba, si wapishi, si mahabusu wanaosubiriwa mahakamani.

Hesabu yangu ilizidi mtu mmoja. Kuzidi si nafuu kuliko kupungua, maana yote mawili husema kwamba hujui ulicho nacho. Nikarudia, ikazidi tena. Upande wa wanaume walikuwa wamechutama kwenye baridi na wameanza kukohoa makusudi, kikohozi cha kutusi. Hatimaye Koplo wa zamu, mama mmoja mnene wa Korogwe, akaja mwenyewe. Alipita mstari mara moja tu, akasimama mbele ya mtoto wa miaka kama miwili aliyechutama kando ya mama yake, mikono juu ya magoti, kichwa kimeinama, sawasawa na wengine.

"Na huyu umemhesabu?"

"Amechutama na wenzake, afande."

"Hata akipiga saluti. Mtoto hahesabiwi hapa."

Nilipelekwa kwa Mkuu wa Gereza. Alikuwa Mrakibu, mtu mzima wa Kondoa, ambaye wenyeji bado walimwita Bwana Jela kwa mazoea ya zamani. Hakunifokea. Aliniambia: "Binti, hesabu ni ya wenye hati ya kifungo na hati ya mahabusu. Mtoto hana hati. Ukimhesabu, ni wewe uliyemfunga."

Niliipenda kauli hiyo. Niliibeba miaka mingi nikiwaambia askari wapya, na ni kweli tupu: mtoto hakuhukumiwa na mtu. Lakini kauli hiyo ina upande wa pili ambao Mrakibu hakuutamka. Jikoni walipika kwa hesabu ileile ya getini. Unga ulipimwa kwa vichwa, maharage kwa vichwa, blanketi zilitolewa kwa vichwa, sabuni kwa vichwa. Asiyehesabiwa hakupikiwa. Tulimwacha mtoto nje ya hesabu ili tusimfunge, kisha tukamfungia ndani bila chakula.

Ninyi mnaoingia kazini leo someni sentensi hiyo mara mbili. Mimi ilinichukua miaka.

Sikuiona mapema kwa sababu ya ng'ombe. Mrakibu alikuwa na ng'ombe wa maziwa nyuma ya kota, yaani nyumba za askari, na kila asubuhi mke wake alituma birika upande wa wanawake. Watoto wakati huo walikuwa wamefika wanne. Walilijua birika kwa mlio wa mfuniko wake. Walikaa kwenye kizingiti, mkubwa akimshika mdogo asije akaanguka, na Koplo aliwamiminia kwa zamu katika kikombe kimoja cha bati. Nilidhani ni posho. Neno hilo gerezani lina maana ya chakula ambacho mtu anastahili kwa mujibu wa kipimo kilichowekwa na serikali. Siku moja nikamwuliza Koplo posho hiyo ya maziwa inatoka bohari gani. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Posho! Mwenzangu, hiyo ni ng'ombe ya mzee. Mwombee asife."

Ng'ombe hakufa. Mrakibu alipata uhamisho. Huwezi kusafiri na ng'ombe wa maziwa kwenda mkoa wa mbali, basi aliuzwa kwa mchinjaji wa mjini Lushoto, na familia ikaondoka. Asubuhi iliyofuata watoto walikaa kwenye kizingiti kama kawaida yao. Walikaa mpaka jua likapanda juu ya ukuta. Hakuna aliyewaeleza kitu, na mtoto wa umri ule ungemweleza nini? Kwamba haki yake imeuzwa kwa kilo sokoni?

Mkuu aliyefuata alipoulizwa alijibu kwamba hakuajiriwa kufuga. Watu walimsema vibaya sana kwenye kota. Mimi sasa simlaumu. Alisema kweli. Ubaya haukuwa kwake kukosa ng'ombe. Ubaya ni kwamba nchi nzima yenye sheria, bajeti, bohari na magari ilikuwa imemfunga mtoto kwenye kamba ya ng'ombe wa mtu mmoja mwenye huruma, na kamba ilipokatika hakuna aliyeona kwamba kuna kitu kimepungua. Hesabu ya getini ililingana siku hiyo kama siku zote.

Baadaye nilihamishiwa tambarare, kwenye gereza kubwa la kilimo. Huko joto lilichukua nafasi ya baridi, lakini mengine yalikuwa yaleyale. Mama alikatwa ugali wake, akaumega na mwanawe. Maharage yaliyopikwa kwa ajili ya mtu anayelima yalitafunwa kwanza na mama, kisha yakatiwa kinywani mwa mtoto. Askari wa kike tulichangishana uji, na wafadhili walikuja wakati wa sikukuu na biskuti, wakapiga picha za mikono tu kwa kuwa nyuso zilikatazwa.

Elimu yangu ya darasani iliishia kidato cha nne. Mengine nilijisomea, na mahali nilipoanzia ni kabati la ofisi ya gereza lile, ambamo sheria na kanuni zetu zilikaa zikiliwa na mende. Nilisoma taratibu, jioni baada ya zamu, kifungu kwa kifungu, na neno gumu nikaliuliza. Hapo nikakuta kwamba mtoto yumo. Sheria yenyewe inasema mtoto mchanga anaweza kupokewa gerezani pamoja na mama yake, na anaweza kupewa nguo na mahitaji kwa gharama za umma. Na akishaachishwa kunyonya atakabidhiwa kwa ndugu au marafiki walio tayari na wenye uwezo wa kumlea, na wasipopatikana apelekwe kwa mamlaka ya ustawi wa jamii.

Niliposoma nilifurahi, nikajiambia kumbe tatizo letu ni kutojua tu. Haikuwa hivyo. Wakubwa wote walikijua kifungu hicho. Walikijua kama unavyojua njia ya shambani kwako. Ila "anaweza kupewa" haina fungu la fedha, na "akishaachishwa" haina mtu aliyewahi kukaa chini aeleze ni lini. Sikuwaza kwamba siku moja nitaona mtoto akiteketea katikati ya maneno hayo mawili.

Nilirudi milimani nikiwa Sajini, msimamizi wa upande wa wanawake, katika gereza lilelile la mwanzo. Kizingiti kilikuwa palepale. Mkuu wa Gereza sasa alikuwa Mrakibu Msaidizi kijana, mwenye shahada, meza yake safi, salamu zake fupi. Sitaki asomwe kama mtu katili. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri ya karatasi iliyo mbele yake.

Hapo ndipo nilipompokea Zubeda na mwanawe Hidaya.

Zubeda alikuwa mkulima wa bonde moja chini ya Rangwi. Mume wake alikufa akamwachia kipande cha shamba chini ya mfereji wa maji, mahali ambapo karoti na kabichi huota mwaka mzima. Anayelijua bonde lile anajua kwamba shamba la chini ya mfereji halikai mikononi mwa mjane bila kugombewa. Shemeji yake Bakari alihamisha maji kwanza, akaona mjane anachota kwa ndoo na kumwagilia. Baadaye akaingia na jembe. Zubeda alimpiga kwa mpini, mkono ukavunjika. Mahakamani hakukana. Alipewa miaka mitatu, na alipoingia getini mtoto alikuwa mgongoni, mwaka mmoja na miezi kadhaa, amelala, mashavu yamejaa.

Mashavu yale hayakudumu. Baada ya miezi michache nywele za Hidaya zilikuwa zimekuwa nyepesi na za rangi ya kutu, miguu imevimba, na halii kama mtoto. Alikuwa analalamika, sauti moja, kama mlango. Nilimchukua yeye na mama yake mpaka hospitali. Muuguzi alimbonyeza mguu, alama ya kidole ikabaki. Akauliza mtoto anakula nini.

"Ananyonya," alisema Zubeda.

"Na kingine?"

"Ananyonya tu."

Muuguzi alimweleza kwa upole, kisha kwa ukali, kwamba mtoto wa umri ule hawezi kuishi kwa ziwa peke yake, hasa ziwa la mama anayekula kama alivyokuwa anakula Zubeda. Zubeda alitazama sakafu akaitika kila neno. Tuliporudi nilitafuta unga wa ulezi na karanga kwangu, nikapika uji mzito, nikaupeleka kwa mkono wangu. Zubeda aliupokea kwa magoti, akashukuru, akauweka kando.

"Mlishe," nikamwambia.

"Hataki, afande. Bado ananyonya."

"Hujamjaribu."

"Namjua mwanangu, afande. Hataki kabisa."

Mtoto alikuwa anakitazama kikombe kama paka. Nilihisi hasira. Nilidhani ni ukaidi, au mwiko fulani wa kwao. Mimi ni Mshambaa, miko yetu naijua, na huu sikuwahi kuusikia.

Siku chache baadaye nilipitia mlango wa nyuma wa ua, si ule wa mbele wenye kufuli linalopiga kelele. Wanawake walikuwa wanakula mchana. Hidaya alikuwa ameketi katikati yao kwenye kipande cha khanga, shavu limetuna, anatafuna ugali kwa bidii ya mtu mzima. Akaniona. Akaiona sare. Hakulia wala hakukimbia. Aliinamisha kichwa, Zubeda akakinga kiganja chini ya kidevu chake, na mtoto akatema kila kilichokuwa mdomoni. Kisha akaingia chini ya gauni la mama yake akashika ziwa. Yote hayo yalikwisha kabla sijafika katikati ya ua. Wanawake waliendelea kula bila kunitazama, kama watu ambao hawakuona kitu.

Nimefanya kazi ile miaka mingi. Nimeona watu wakipigana kwa vijiko, nimeona mtu akijaribu kujinyonga kwa pindo la blanketi. Hakuna ninachokikumbuka zaidi kuliko mtoto yule kutema.

Nilimwita Bi Tatu. Alikuwa nyampara, yaani mfungwa anayesimamia wenzake, mama wa makamo mwenye kifungo kirefu na ulimi mrefu zaidi. Tulisimama penye bomba, akawa anafua ili ionekane anafua.

"Nani kati yenu amemfundisha haya?"

"Watoto hawafundishwi, afande, wanaona. Huyu si wa kwanza."

Akanieleza. Kabla sijarudi palikuwa na mama mmoja wa Mlalo na mtoto wake wa kiume, mtoto mnene, mcheshi, anazunguka uani na muhindi wa kuchoma mkononi. Siku ya ukaguzi ofisa mmoja kutoka mkoani alimwona, akacheka naye, akamshika kidevu, akauliza, "Huyu anatafuna mahindi, bado yuko hapa anafanya nini?" Hakuwa na nia mbaya, alisema Bi Tatu, hata alimpa peremende. Lakini mtoto anayetafuna mahindi ameachishwa, na aliyeachishwa hana ruhusa ya kukaa. Kabla ya mwezi kwisha walikuja baba zake wadogo kumchukua. Mama yake alimaliza kifungo akaenda kumtafuta, akaambiwa yuko kwa shangazi Handeni, akaenda Handeni, akaambiwa yuko Tanga.

"Tangu siku hiyo," alisema Bi Tatu akikamua nguo, "mtoto hali mbele ya afande. Ni sheria yetu. Ninyi mna zenu."

"Mtoto anakufa, Bi Tatu."

"Anakula tukipata nafasi. Nafasi zenyewe chache, maana ninyi mko kila mahali." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Na huyu wa Zubeda akitoka anakwenda kwa nani? Si kwa Bakari? Aliyevunjwa mkono ndiye apewe mtoto wa aliyemvunja. Wewe ungemwachisha?"

Nilijua ana haki ya kuuliza. Mtoto aliyekuwa anahitaji chakula ili aishi alitakiwa kulipia kila tonge kwa kuondolewa kwa mama yake. Na shamba lilikuwa ndani ya jambo hili. Hidaya ndiye aliyekuwa mrithi wa baba yake katika kile kipande cha chini ya mfereji. Atakayemlea ndiye atakayelima.

Nilikwenda kwa Mkuu wa Gereza nikamweleza yote, ila sikutaja jina la Bi Tatu. Aliniacha nimalize. Kisha akafunga mlango.

"Sajini, unaniambia rasmi kwamba mtoto anakula?"

"Nakuambia anakufa njaa, afande."

"Ukiniambia anakula, nalazimika kumtoa. Ukiniambia hali, nalazimika kumwuliza mama yake kwa nini. Usiponiambia kitu, mimi sina ninachokijua."

"Mpe posho, afande. Sheria inasema anaweza kupewa."

"Inasema. Fungu liko wapi? Nikitoa unga kwa mtu asiye kwenye hesabu, mkaguzi akija nimeiba unga." Akasogeza faili pembeni. "Nina mtoto wa umri huo nyumbani. Usidhani jambo hili silioni."

Nilimwamini kwamba analiona. Ndilo jambo ambalo mpaka leo linanichemsha. Mkuu alikuwa analiona, mimi nilikuwa naliona, muuguzi alikuwa analiona, na ofisa wa mkoani aliyetoa peremende naye angeliona kama angeelezwa. Palikuwa na watu wazima wengi wenye macho na mioyo mizuri, na katikati yao mtoto amejifunza kutema. Msiniambie kwamba kinachokosekana ni huruma. Huruma niliiona nyingi. Niliiona ikija na birika na nikaiona ikiuzwa kwa mchinjaji.

Baridi ya mwaka ule ndiyo iliyoamua. Hidaya alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa, na Zubeda akalazwa naye chini ya ulinzi wetu. Wodini hakuna hesabu ya vichwa. Mtoto aliletewa maziwa maalumu, kisha uji, kisha yai. Siku za mwanzo kila askari wa zamu alilazimika kutoka nje ya mlango wakati wa kulisha, vinginevyo angetema, mpaka muuguzi akatuomba tuvae koti la wodi juu ya sare. Nilikaa pale nimevaa koti la mtu wa usafi nikamwona Hidaya akimaliza kikombe.

Alipona, na kupona kulimhukumu. Cheti cha kutoka hospitali kilisema anakula vyakula vyote. Sasa Mkuu alikuwa na karatasi mbele yake. Habari ilikwenda kwa ofisa ustawi wa jamii, na kabla hatujajipanga Bakari alikuwa getini, kanzu imepigwa pasi, mkono mmoja bado umekakamaa, anasema mtoto ni damu ya ukoo wao na yeye amesamehe yote.

Nilirudi kwa Mkuu. Sikumsomea sheria, aliijua. Nilimweleza habari za mfereji, za nani analima pale sasa hivi, na kwamba Zubeda ana mama yake mzazi, bibi mwenye nguvu zake, upande wa pili wa bonde lile. Alinyanyua simu, akamwomba ofisa ustawi asimkabidhi mtoto kwa mtu yeyote mpaka awe amefika kijijini kwa miguu yake. Namtambua kwa hilo. Lakini tazameni: ilitegemea tena mtu mmoja siku hiyo ameamkaje. Angekuwa likizo, Hidaya angekuwa kwa Bakari.

Bibi alikuja na kikapu cha viazi na blanketi jipya. Kukabidhi kulifanyika getini, kwenye chumba cha upekuzi, kwa kuwa hatukuwa na mahali pengine. Zubeda alikuwa na kifungo cha kutosha mbele yake, na alijua kwamba mtoto wa umri ule husahau sura. Hakulia. Alitoa kipande cha ugali alichokificha, akaketi sakafuni, akamlisha Hidaya mbele yetu sote: Mkuu, ofisa ustawi, mimi, askari wa geti. Mtoto alitutazama mmoja mmoja. Mdomo haukufunguka.

"Kwa bibi utakula," Zubeda alimwambia. "Utakula mbele ya mtu yeyote. Umesikia?"

Mkuu alitoka nje akasimama akitazama ukuta.

Nilistaafu kwa hiari nilipofika miaka hamsini na mitano. Nina kiwanja Lushoto, napanda matunda damu na maua, na vijana wa kazini hunitembelea. Huniambia mambo yamebadilika, siku hizi kuna semina, kuna mabango yenye picha za watoto wanaocheka. Nawasikiliza. Kisha nawauliza swali moja: asubuhi ya leo, uji wa mtoto ulitoka bohari gani? Wengine wana jibu, nami hufurahi. Wengine hunitajia jina la mama mmoja mwema. Hapo namwona ng'ombe.

Ninachotaka si kikubwa. Mtoto aliye ndani ahesabiwe jikoni hata kama hahesabiwi getini. Kula kwake kusiwe ushahidi wa kumwondoa. Siku ya kuondoka ipangwe kwa kumtazama yeye na mahali anapokwenda, mama yake akiwa ameketi na kusikilizwa, na si kwa kumtazama kama ana muhindi mkononi. Na zaidi ya hayo, hakimu anayemfunga mama mwenye mtoto mgongoni ainue macho amwone huyo wa mgongoni, kwa sababu naye anatolewa mahakamani katika gari lilelile.

Mwaka jana nilikwenda Rangwi kwenye msiba, nikashuka bondeni kumwona Zubeda. Alikwisha kurudi siku nyingi, na baada ya vikao vingi vya ukoo analima tena chini ya mfereji. Alinikaribisha kwa "Onga mshi," salamu yetu Washambaa, akaniita mama, akacheka kuniona na kitenge. Hidaya yuko darasa la tano. Ni msichana mrefu, mwenye maneno. Hanikumbuki hata kidogo. Tuliketi jikoni tukala ugali wa moto, maharage na mnavu, naye alikula huku akinieleza habari za mwalimu wake anayesinzia, mpaka mama yake akamkanya asiongee na tonge mdomoni.

Mtu akapiga hodi. Alikuwa Mbwana, kijana wa jirani, ambaye siku hizi ni mgambo wa kijiji, amekuja kutangaza mkutano. Alikuwa amevaa sare yake ya kijani na buti, akasimama mlangoni amezuia mwanga.

Taya la Hidaya lilisimama. Aliinamisha kichwa. Na kabla hata hajafungua mdomo, kiganja cha Zubeda kilikuwa tayari kimefika chini ya kidevu chake.

Wote wawili walibaki hivyo. Kisha Zubeda alikitazama kile kiganja chake, akakirudisha polepole, akakifuta kwenye khanga.

"Tafuna, mwanangu," alisema. "Ni Mbwana tu."

Mbwana alicheka, akidhani ni utani wa nyumbani. Mimi na Zubeda tulimtazama mtoto mdomoni, tukasubiri.